Bosi anaporudi dawatini: mwongozo kamili wa kozi za MBA kwa kiongozi aliye kazini Unguja na Pemba

Siku yangu ya kwanza darasani nilikaa nyuma, simu mbili mezani, koti nimelitundika kwenye kiti. Ofisini kwetu mjini nilikuwa na watu 19 chini yangu, na kwa miaka minane hakuna aliyenambia "hapana" isipokuwa mkubwa wangu wa kazi na mke wangu. Maalim, kijana niliyemzidi umri kwa mbali, akaniuliza: kampuni inawezaje kupata faida na bado ikakosa pesa za kulipa mishahara? Nikazungumza dakika nne. Nikataja sera, nikataja changamoto, nikataja wadau. Akanisikiliza kwa adabu zote mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante sana, Mheshimiwa. Sasa nijibu."

Jibu, kwa anayelitaka, ni fupi. Faida huandikwa siku unapouza, hata ukiuza kwa mkopo; pesa huingia siku mteja anapolipa, na mishahara haimsubiri mteja.

Watu wengi visiwani wanaoniuliza kuhusu MBA, yaani shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, huogopa hesabu. Kwa niliyoyaona, mtu mzima haangushwi na hesabu, anaangushwa na ubosi. Amezoea kusomewa muhtasari, kuandikiwa hotuba, na kukaa kikaoni bila kupingwa. Kozi hizi zinamtaka asome mwenyewe, aandike mwenyewe, na akosee mbele ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wa mkurugenzi mara nyingi umeshakauka. Haya yafuatayo ni namna ya kuinama bila kuvunjika.

Masomo ya namna hii, ya kumsomesha kiongozi bila ya kumtoa kazini, yalianzia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Tangu hapo mpango haujabadilika sana: darasa la watu wenye vyeo, vipindi vya jioni au mwisho wa wiki, na dhana kwamba kila aliyekaa pale ana ofisi ya kurudi Jumatatu.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kuhesabu ada

Ada kila mtu huiuliza. Saa hakuna anayeziuliza, na hizo ndizo zinazowamaliza watu. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kusoma, kuandika na kujiandaa, vyote pamoja. Shahada ya uzamili inataka krediti zisizopungua 180. Hizo ni saa 1,800. Ukisoma miaka miwili, wiki 104, ni zaidi kidogo ya saa 17 kila wiki, harusi ziwepo zisiwepo.

Sasa zitafute. Ratiba iliyonifaa mimi ilikuwa hivi: baada ya sala ya alfajiri nasoma saa moja na robo kabla nyumba haijaamka, siku tano za kazi. Hapo nimepata saa 6 na robo. Jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila moja: nne. Mwisho wa wiki saa saba, darasa likiwemo humo humo. Jumla 17 na robo. Sikuwa na akiba hata ya dakika moja, na ndiyo maana muhula wa kwanza nilianguka somo moja.

Alfajiri ndiyo saa ya thamani kuliko zote. Wengi wetu serikalini hutoka saa tisa na nusu, tukadhani alasiri yote ni yetu. Si yetu. Ukifika nyumbani utalala, au atakuja mtu, au utakwenda kunywa kahawa barazani na kusikiliza watu wakiigawana dunia. Alfajiri hakuna anayekupigia simu.

Hatua ya 2: Chagua mfumo unaolingana na bahari

Ukiwa Unguja, unaweza kusoma hapa hapa. Vyuo vikuu vyetu vipo, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Zanzibar University vyote vina kampasi Tunguu, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake kwa anayetaka kusoma kwa masafa. Wengine huvuka kwenda Dar es Salaam, na wako wanaokwenda Arusha, ESAMI, taasisi ya menejimenti ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa vipindi vya siku kadhaa mfululizo. Sitakwambia kipi bora. Nitakwambia swali la kuuliza kabla hujalipa: je, kipindi kikinipita, nakipataje?

Anayevuka kila mwisho wa wiki huona mwanzoni kama ni jambo dogo, boti ya kasi ni kama saa mbili tu. Lakini hesabu safari mlango kwa mlango: kwenda bandari yetu ya Malindi hapa mjini, foleni, boti, kutoka bandarini Dar, msongamano wa magari. Ni nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Upepo wa kusi ukichachamaa, utasoma huku umeshikilia mfuko wa kutapikia. Mwenzetu wa Pemba ana mtihani mkubwa zaidi, kwani yeye huanzia bandari ya Mkoani, Pemba, kabla hajaifikiria Malindi. Kwake yeye mfumo wa vipindi vya wiki nzima, mara chache kwa muhula, ni nafuu kuliko kila Jumamosi. Aombe likizo yake ya mwaka kwa vipande, aile polepole.

Na tazama kalenda mbili kwa pamoja, ya chuo na ya mwezi. Ramadhani ikiangukia kwenye wiki za mitihani, kazi nzito ifanywe baada ya daku na alfajiri, si baada ya futari. Baada ya futari na tarawehe kichwa kinakuwa kama kimejaa uji. Mimi nilijaribu vyote viwili.

Hatua ya 3: Waage watu

Mkubwa wako wa kazi mwambie kwa maandishi, umpe na tarehe za mitihani. Nyumbani kaa nao kitako, si kutoa tangazo. Kuhusu shughuli za mtaani, kanuni yangu ilikuwa hii: maziko na hitma nakwenda, bila ya mjadala. Harusi nakwenda kwenye nikaha, napeleka mkono wangu, narudi nyumbani. Kuna shangazi mmoja hajanisamehe mpaka leo.

Hatua ya 4: Jifunze Excel kwa mtoto wa ofisini

Excel ni programu ya kompyuta ya majedwali ya hesabu. Fanya hivi miezi miwili kabla muhula haujaanza. Mtafute kijana wa uhasibu au wa takwimu, umwambie, "Nifundishe, na usinifanyie." Hilo la pili ndilo muhimu. Unahitaji mambo machache: kuandika fomula, kunakili fomula bila ya kuharibu marejeo yake, kuchora chati, kutafuta wastani na mtawanyiko. Kwa mazoezi, chukua takwimu za watalii wanaoingia kila mwezi, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar inazitoa. Zichore, uone namna zinavyozama wakati wa masika, mwezi wa nne na wa tano, na zinavyopanda tena. Ukishaweza kuieleza chati hiyo kwa sentensi tatu, somo la takwimu halitakutisha.

Hatua ya 5: Soma kisa kama mtu asiyejua kitu

Sehemu kubwa ya masomo haya ni visa: kurasa kadhaa za habari za kampuni au taasisi iliyokwama, na wewe uamue. Hapa ndipo mabosi tunapoharibu zaidi. Tunasoma ukurasa wa kwanza, tunakumbuka jambo lililotutokea sisi mwaka fulani, na kuanzia hapo tunasimulia maisha yetu.

Kisa kisome mara tatu. Mara ya kwanza haraka, ujue tu ni nani mwenye uamuzi na tarehe ya mwisho ni lini. Mara ya pili kwa kalamu: andika upande mmoja yale yanayojulikana, upande wa pili yale yanayodhaniwa. Mara ya tatu soma majedwali peke yake, kwa sababu jibu mara nyingi limelala kwenye jedwali ambalo hakuna aliyelitazama.

Chukua mfano tunaoujua sote. Mwezi wa Disemba 2009 Unguja ilizimika umeme, ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Tulikuwa tunategemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka bara. Sasa wewe ni meneja wa hoteli ya vyumba 40 pwani ya mashariki, ni siku ya tatu ya giza, msimu wa watalii umeanza, na hakuna anayekwambia umeme utarudi lini. Ufanye nini?

Nililipeleka swali hili kwenye kundi letu kama zoezi. Mabosi watano, dakika ishirini, na zote tulizitumia kutafuta wa kulaumiwa. Hakuna aliyeuliza lita ngapi za dizeli zinaingia kwenye jenereta kwa siku. Hakuna aliyekumbuka kwamba umeme ukikatika na pampu za maji zinasimama, kwa hiyo tatizo la pili baada ya taa ni vyoo. Na hakuna aliyerudi nyuma kwenye tarehe: mwaka 2008 umeme ulikuwa umeshakatika kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Meneja wa Disemba 2009 alikuwa ameshaonywa. Swali la kisa basi halikuwa "afanye nini siku ya tatu" peke yake, lilikuwa pia "kwa nini hakufanya kitu mwaka mzima na nusu uliopita", na hilo ni swali la namna watu wanavyoipima hatari isiyotokea kila siku.

Kisa hicho hicho kina tundu jengine la kuchungulia. Pemba wakati ule haikuwa kwenye waya ule, ilikuwa na mitambo yake ya dizeli, ghali na ya kelele, na giza lile halikuifika. Baadaye mwaka 2010 Pemba ikaungwa na Tanga kwa waya, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100. Je, kuiunga Pemba kulipunguza hatari au kulibadilisha sura yake? Ukiweza kulijadili hilo kwa namba, bila ya kumtaja mtu, umeshaelewa darasa linataka nini.

Darasani jipe sheria moja. Kila ukitaka kusema "mimi pale ofisini kwetu", kwanza sema "ukurasa wa tano unasema". Uzoefu wako una thamani, lakini uje wa pili.

Hatua ya 6: Hesabu za fedha, hapa kaa sana

Masomo ya fedha na uhasibu wa menejimenti yana mambo mawili yanayozaa karibu yote mengine. Ukiyashika hayo, mengine ni kamusi tu.

La kwanza ni kutenganisha gharama inayosimama na gharama inayotembea. Tuchukue nyumba ya wageni Jambiani, vyumba 12, namba nimezitunga mimi. Mishahara, kodi, ulinzi na vitu vinavyolipwa chumba kiwe na mtu kisiwe na mtu: shilingi 9,000,000 kwa mwezi. Chumba kikipata mgeni usiku mmoja, chai ya asubuhi, sabuni, kufua na umeme vinakula 30,000. Bei ni 120,000. Kila usiku unaouza unakuachia 90,000 za kulipia ile milioni tisa. Gawa: malazi 100 kwa mwezi, chumba kimoja kwa usiku mmoja kikihesabiwa moja, ndiyo kiwango ambacho huli hasara wala hupati faida. Vyumba 12 kwa siku 30 vina malazi 360, kwa hiyo unatakiwa ujaze kama asilimia 28.

Masika imeingia, nyumba tupu. Wakala anakupigia simu: kundi la watu, vyumba 10, siku tano, lakini kwa 70,000. Mhasibu wako anakataa. Anasema mwezi wa kawaida tunauza malazi 150, ukigawa milioni tisa kila usiku unabeba 60,000, ongeza 30,000, gharama ya chumba ni 90,000, tukiuza 70,000 tunakula hasara ya 20,000. Inasikika sawa kabisa, na mimi ningemtilia saini.

Lakini ile milioni tisa italipwa, kundi lije lisije. Kinachoongezeka kwa ajili ya kundi ni 30,000 tu kwa kila usiku. Kwa hiyo kila usiku unakuachia 40,000, mara malazi 50, ni 2,000,000 usizokuwa nazo jana. Wakubali, kwa masharti: vyumba viwe kweli vitupu, wateja wako wa bei kamili wasije wakaijua bei hiyo, na jambo hili lisigeuke mazoea mpaka msimu wa juu. Maalim hatakupa alama nyingi kwa milioni mbili. Atakupa kwa masharti hayo uliyoyaweka.

La pili ni thamani ya pesa kwa wakati. Ushirika wa wavuvi Mkokotoni unataka mashine ya barafu ya milioni 40. Itaingiza milioni 12 kila mwaka, miaka mitano. Barazani utasikia: milioni 60 kwa 40, faida ishirini, nunueni! Darasani utaambiwa milioni 12 ya mwaka wa tano si sawa na milioni 12 ya leo. Ikiwa pesa hizo mngeziweka kwenye biashara nyengine ya hatari kama hiyo zingezaa asilimia 15 kwa mwaka, basi gawa mapato ya mwaka wa kwanza kwa 1.15, ya mwaka wa pili kwa 1.15 mara 1.15, uendelee hivyo. Utapata takriban milioni 10.43, 9.07, 7.89, 6.86 na 5.97. Jumla milioni 40.2. Ukitoa 40 ya kununulia, imebaki kama laki mbili. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa, ambayo darasani kila mtu huiita NPV.

Ibadilishe asilimia 15 iwe 18, na jumla inashuka mpaka milioni 37.5. Mashine ile ile, samaki wale wale, sasa ni hasara ya milioni mbili na nusu. Kwa hiyo ukiulizwa "tununue?", usijibu ndiyo wala siyo. Jibu kwamba uamuzi wote umesimama juu ya asilimia mliyochagua na juu ya uhakika wa ile milioni 12, kisha onyesha ni kwa kiasi gani mapato yanaweza kupungua kabla ya mradi kufa. Hapa, ukishika asilimia 15, hayawezi kupungua hata laki moja kwa mwaka.

Katika darasa letu mtu alisimama akauliza kama hii si riba. Swali la heshima, na visiwani kwetu litaulizwa kila muhula. Hukumu waachie masheikh. Kwa upande wa hesabu, asilimia ile si lazima iwe bei ya mkopo. Ni kipimo cha kile unachokiacha unapochagua mashine badala ya biashara nyengine. Anayefanya biashara kwa murabaha (kuuza kwa faida iliyotajwa wazi) au kwa ushirika wa mudharaba (mmoja mtaji, mwengine kazi) naye huchagua baina ya miradi, na naye anahitaji kipimo.

Fanya hesabu hizi kwa mkono mara moja, kisha kwa Excel. Ukianza na Excel hutajua namba ikidanganya.

Hatua ya 7: Masomo mengine, kwa kifupi

Uendeshaji: shika kanuni ya Little, aliyoithibitisha John Little mwaka 1961. Idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kaunta yako ikipokea watu 12 kwa saa, na kila ukichungulia unawakuta 18, basi kila mmoja anakaa saa moja na nusu. Huhitaji dodoso, huhitaji kamati. Nilipoipima ofisini kwetu niliona aibu, na hiyo ndiyo asaimenti iliyonipa alama ya juu kuliko zote.

Mkakati: utaambiwa upime nguvu za wateja, wauzaji, wapinzani, wanaotaka kuingia na bidhaa mbadala, mpango aliouandika Michael Porter mwaka 1979. Wanafunzi wengi huzijaza nguvu tano kama fomu ya pasipoti. Usifanye hivyo. Chukua karafuu. Mteja wetu mkubwa alikuwa Indonesia, iliyokuwa ikizichanganya kwenye sigara zake za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa inajitosheleza. Bei ikaporomoka, na mkulima wa Pemba akaona kwa macho yake maana ya kuwa na mnunuzi mmoja mkubwa. Hapo nguvu moja inakueleza karibu kila kitu, na nne zilizobaki ni mapambo. Kuwa na ujasiri wa kuandika hivyo.

Masoko na rasilimali watu utayapenda, kwa sababu unadhani unayajua. Ndiyo yanayowapa mabosi supu, yaani mtihani wa kurudia.

Hatua ya 8: Kundi la kusomea

Kundi letu lilikuwa na mkurugenzi mmoja, meneja wa benki, daktari anayesimamia hospitali, binti wa miaka 29 mwenye kampuni ya utalii, na mimi. Wiki mbili za mwanzo hakuna aliyempinga mkurugenzi. Si kwa kuogopa, ni adabu tu. Kwetu mtu hamkatizi mkubwa wake. Matokeo yake tuliwasilisha jibu baya kwa heshima kubwa.

Dawa tuliyoipata ni hii. Kabla ya kukutana, kila mmoja anaandika jibu lake, nusu ukurasa, na kulituma. Kwenye kikao, mdogo kwa umri anazungumza mwanzo na mkubwa mwisho. Vyeo vinabaki mlangoni pamoja na viatu. Tukawa tunaitana kaka na dada. Binti yule ndiye aliyekuwa akituokoa kwenye namba, kwani yeye peke yake alikuwa analipa mishahara kwa pesa zake mwenyewe.

Kazi gawaneni kwa vipande, lakini kila mtu aweze kutetea vipande vyote. Na kutaneni mahali penye meza. Barazani ni pazuri kwa mambo yote isipokuwa uhasibu.

Hatua ya 9: Andika mwenyewe

Nakiri jambo. Muhula wa kwanza, kazi zilinizidi, nikampa kijana mmoja wa ofisini aniandikie asaimenti ya masoko. Aliandika vizuri mno. Maalim akaniita, akaninyooshea kidole aya ya pili, akaniuliza neno moja lina maana gani. Sikujua. Hakunipeleka popote, alinirudishia karatasi na kuniambia niandike upya kwa siku tatu. Kijana yule bado nafanya naye kazi, na mpaka leo nikimuona nageuza uso.

Basi andika mwenyewe, na haya yatakusaidia. Jibu liwe kwenye sentensi ya kwanza. Sisi wa maofisini tumezoea kuanza na "kwa kuzingatia umuhimu wa suala hili". Masomo ni kwa Kiingereza, lakini kabla hujaandika, mueleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa namueleza mama. Akiniuliza "kwa hiyo?", najua hoja haijakamilika. Madesa, yaani maandishi na majibu ya waliotangulia, soma uone mtindo wa maswali, lakini usinakili. Vyuo vina programu za kukamata ulingano wa maandishi, na zinakamata. Na zile programu za akili mnemba zinazoandika zenyewe, zitumie kama unavyomtumia mtu wa kukuuliza maswali, usizitumie kama nilivyomtumia kijana wangu.

Asaimenti bora hutoka kwenye meza yako ya kazi, lakini kuna mpaka. Mishahara ya watu, zabuni zisizofunguliwa, mafaili ya wateja, hayo hayatoki ofisini. Badilisha namba kwa kuzizidisha zote kwa kiasi kimoja, uhusiano wake utabaki na siri itabaki. Au tumia vilivyochapishwa: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar zina visa vya kutosha shahada kumi.

Hatua ya 10: Mtihani na mradi wa mwisho

Soma kijitabu cha chuo wiki ya kwanza, ujue kozi weki, yaani kazi za muhula, ina uzito gani na mtihani una uzito gani, na ukianguka kuna supu ngapi kabla ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Vyuo havifanani. Jizoeze kuandika kwa mkono saa tatu mfululizo; kiongozi wa miaka 45 hajashika kalamu zaidi ya kutia saini tangu alipotoka skuli, na vidole vitakuuma kabla ya kichwa.

Mada ya mradi ichague mwanzo wa mwaka wa pili, na uichague kwa data, si kwa mapenzi. Jiulize: nani analo faili, atanipa, na lini? Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, mbali na wa bara, hata kama chuo chako kiko Dar es Salaam. Anza kukiombea siku ile ile maalim wako anapoikubali mada. Ukitaka kutafiti mwani wa Paje au Bwejuu, nenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani, na panga safari zako kwa kufuata bamvua, kwani maji yakitoka wanawake wako shambani baharini na hawana muda na dodoso lako.

Siku ya kutetea mradi watakuuliza namba umezitoa wapi na kwa nini ulichagua hizo na si nyengine. Jibu kwa sentensi mbili, unyamaze. Na kama unatoka Pemba, usikate tiketi ya kurudi siku hiyo hiyo. Wenzangu wawili walitetea huku wanatazama saa, na maalim mmoja alikuwa na maswali mengi.